Chini Nyundo, Juu Mtoto

Ofisini walimwita Bi Mistari, na jina hilo alilipata kabla hajapata meza. Siku ya kwanza kazini, katika idara ya mipango miji ya halmashauri, mzee wa masjala alimkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, ramani kaitandaza sakafuni, anapiga mstari mwekundu katikati ya maegesho ya magari.

"We binti," mzee akamwambia, "hapo unapokata ndipo mkurugenzi anapoweka gari lake. Unalijua hilo?"

"Ataliweka kwingine," akajibu bila kuinua kichwa. "Hapa panatosha nyumba sita, na maduka chini yake."

Mzee wa masjala alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Jina likashika siku hiyo hiyo. Miaka ikapita, wakurugenzi wakaja na kuondoka na magari yao, Bi Mistari akabaki na mistari yake.

Alikuwa na ugomvi na mji ule, tena ugomvi wa damu. Mchana, katikati ya mji palijaa watu mpaka wakakanyagana. Ofisi zikifungwa tu, kila mtu alikimbilia kwake pembezoni, mageti ya chuma yakashushwa, na ukipita barabara kuu jioni unasikia viatu vyako mwenyewe. Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa sheria. Ramani ya zamani ya matumizi ya ardhi ilipaka njano penye nyumba, nyekundu penye biashara, zambarau penye viwanda, na hakuna kiwanja kilichoruhusiwa rangi mbili. Aliyeitunga alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Hakutaka vitu vigusane. Kwa usafi wake huo watu wakalala mbali na kazi, wakafanya kazi mbali na soko, na bibi kizee mwenye maumivu ya goti akahitaji safari nzima kufuata dawa ya goti. Mji ambao watu wake huufunga kwa kufuli kila jioni wakaondoka, alikuwa akisema Bi Mistari, si mji. Ni ghala lenye taa.

Na alikuwa na haki ya kusema, maana yeye alizaliwa humo humo katikati, ghorofa ya kwanza, mtaa mwembamba nyuma ya posta. Chini palikuwa na karakana ya baba yake, fundi bati. Alitengeneza faneli, makarai, masanduku, makopo ya kuwekea maua, na mifereji ya kuchukua maji ya mvua kwenye mapaa. Juu palikuwa na vyumba viwili, na mama aliyewatambua wapita njia wote kwa mwendo wa miguu yao kabla hajachungulia. Mtoto akitumwa mkate, anashuka ngazi, anavuka, anarudi mkate ungali moto. Maktaba ilikuwa pale pale, zahanati pale pale, na shule ukichelewa ni uvivu wako tu.

Kisha wakaja mabwana wa halmashauri na ramani yao. Kiwanja ni chekundu, wakasema. Chini unaweza kufanya kazi, juu huwezi kulala. Familia ikahamia njano, nje kabisa ya mji, ambako palikuwa na nyumba, na nyumba, na baada ya hapo nyumba. Kibiriti kikiisha, unakwenda kukitafuta mpaka ndala zinakatika. Mama akawa anaketi mlangoni kwa mazoea, akisikiliza njia isiyopita mtu. Hakuuawa na sheria ya ardhi; alikufa kwa presha, kama daktari alivyoandika. Lakini Bi Mistari hakuwahi kuyatenganisha mambo hayo mawili, wala hakuna aliyethubutu kumshauri ayatenganishe. Alikwenda chuo akasoma mipango miji kama mtu anayesomea kesi yake mwenyewe.

Baba hakuiacha karakana. Sasa alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe na vidole vyenye makovu, anaishi na binti yake kule kwenye njano, na kila alfajiri anaamka kurudi kwenye bati lake katikati ya mji. "Nikikaa nyumbani nitapata kutu," alisema.

Mpango mpya wa katikati ya mji ulimla Bi Mistari ujana wake. Aliuita kwa maneno manne ambayo hata watoto wa shule waliyashika: chini duka, juu nyumba. Kila jengo la katikati liwe na mlango na dirisha linalotazama barabara, si ukuta mtupu. Njia za waenda kwa miguu zipanuliwe mpaka watu wawili na mkokoteni wapishane bila kuombana radhi. Magari yaegeshwe nyuma ya majengo, yasikalie uso wa mji. Juu walale watu, ili jioni kuwe na taa madirishani na macho njiani. Aliutetea katika mikutano ya asubuhi, ya mchana, ya kanisani, ya msikitini, ya chama cha wafanyabiashara, na mara moja kwenye sherehe ya harusi ya mtu asiyemjua, kwa kuwa alikaa meza moja na diwani.

Katika mpango huo kulikuwa na kifungu kimoja alichokiandika haraka, kwa hasira. Kilisema kwamba katika jengo lenye wakazi juu, ghorofa ya chini isifanyike shughuli yoyote yenye kelele, moshi au harufu kali. Alipokuwa anakiandika, mawazo yake yalikuwa kwenye vilabu vya pombe na jenereta. Kilipendwa kuliko vyote. Katika mkutano mmoja wa hadhara kiliposomwa, makofi yalivuma ukumbi mzima, na mtu aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi kule nyuma alikuwa baba yake, ambaye alikuwa na kisa kirefu na wenye kilabu cha kona.

Wakati baraza likisubiri kupiga kura, halmashauri ilikubali majaribio. Familia chache zilipewa kibali cha muda kukaa ghorofa za juu katika mtaa ule ule nyuma ya posta, ili watu waone kama jambo lenyewe linawezekana. Vyumba vilivyo juu ya karakana ya bati alivipata mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga na mume dereva wa malori ya safari ndefu. Bi Mistari ndiye aliyemshawishi kwa mdomo wake.

"Utatembea mpaka shuleni, dada," alimwambia. "Kliniki ile pale. Mkate ule pale. Mtoto wako atakua anajua majina ya majirani."

Mwalimu akahama na kitanda cha mtoto, meza, na masufuria yake. Na wiki chache baadaye akaja dirishani pa idara, mtoto mgongoni, macho mekundu.

"Bi Mistari, nihurumie. Silali, mtoto halali. Kelele zitanitia wazimu."

"Kilabu cha kona?"

"Hao wana afadhali, hufungua jioni na wanafunga mapema. Huyu ni mchana kutwa. Na mchana ndio mtoto anapolala, na mimi nina likizo ya uzazi, ndiyo saa yangu pekee ya kufumba macho."

Damu ikampanda Bi Mistari. Kura ilikuwa imekaribia, na jenereta moja la mtu mjinga lilitosha kuharibu kila kitu. Akachukua mkoba wake. "Twende. Nataka kusikia kwa masikio yangu."

Walipanda ngazi alizozijua. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi mpya, lakini ufa juu ya mlango ulikuwa ule ule, umbo la mguu wa kuku. Mwalimu akamkaribisha kiti, akamwekea maji ya kunywa, akamlaza mtoto kwenye kitanda chake kidogo kando ya dirisha. Wakakaa kimya.

"Umesikia?" mwalimu akauliza.

"Bado."

Mwalimu akamtazama. "Unanitania?"

"Nasikia pikipiki. Nasikia mtu anauza magazeti. Kuna redio upande ule."

"Na hii?"

"Ipi?"

Mwalimu aliinua kidole, na kila mara kilipotua mezani, Bi Mistari alitambua kwamba kilikuwa kinatua pamoja na kitu fulani. Ko. Ko. Ko-ko. Ko. Maji ndani ya bilauri yalikuwa yakitetemeka, duara juu ya duara. Sauti ile ilikuwepo tangu walipoingia. Ilikuwepo tangu alipozaliwa. Alijifunza kusoma ndani yake, alilala ndani yake, alipata homa na kupona ndani yake; kwake huo ndio ulikuwa ukimya wenyewe. Zamani walipohamia kule kwenye njano alikesha siku nyingi, na mama alidhani ni mbu.

Nyundo ikashuka kwa nguvu zaidi. Mtoto akashtuka, akarusha mikono yote miwili kama anayeanguka, akalia.

"Ni fundi bati," Bi Mistari alisema, na sauti yake ilitoka ndogo.

"Basi ni huyo huyo." Mwalimu alimbeba mtoto, akawa anazunguka naye chumbani. "Lakini si umeandika kelele marufuku? Mimi niliposikia kifungu kile ndipo niliposema, huyu mama anatujali, nahamia. Sasa kinaanza lini?"

Bi Mistari aliaga akashuka. Nyani haoni kundule, walimwengu husema. Yeye hakuwa ameona kitu, na masikio nayo yalimtoroka.

Baba yake alikuwa ameinamia mfereji, misumari mdomoni. Alipomwona akaitema kiganjani.

"Karibu, mheshimiwa! Leo umekuja kunikagua? Nimefagia."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapo, usiguse hiyo, ya moto."

"Baba, unapiga kelele."

Mzee akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Umri wote huo ndiyo leo umesikia? Nikupeleke kwa daktari wa masikio?"

"Juu kuna mama na mtoto mchanga. Hawalali."

Kicheko kikakatika. Mzee akatazama dari, kama vile mbao zingemwonyesha. "Mtoto? Mtoto gani?"

"Mwalimu. Amehamia kwenye majaribio. Mimi nilikuambia."

"Uliniambia mtaa. Hukuniambia hapa juu ya kichwa changu. Nasikia miguu, nikadhani wameweka stoo." Aliiweka nyundo chini polepole, pasipo sauti, na Bi Mistari akaona mkono ule ukikumbuka kitu. Walipokuwa wachanga, yeye na kaka yake, mama alikuwa akigonga sakafu kwa mpini wa ufagio: mtoto kalala. Hapo baba aliacha nyundo, akakata, akapima, akalehemu, kazi zote za kimya, mpaka mama agonge tena. Hakuna aliyeandika utaratibu ule popote. Ulikuwa mambo ya nyumba. Mabwana wa ramani walipowahamisha wa juu, wa chini hakubakiwa na wa kumgongea, na mtu akipiga nyundo peke yake kwa miaka mingi husahau kwamba sauti hupanda.

Kama mazungumzo yangeishia hapo, ingekuwa siku njema. Lakini Bi Mistari hakujua kuficha.

"Baba, kuna jambo jingine. Kile kifungu ulichokipigia makofi."

"Cha vilabu? Kizuri sana kile."

"Hakikuandikwa vilabu. Kimeandikwa kelele."

Pembeni, bati lililokatwa likajikunja lenyewe kwa mlio mwembamba.

"Kwa hiyo kikipita?"

"Itabidi uhamie eneo la viwanda. Kule kwenye zambarau."

"Kule nyuma ya machinjio? Nani atafuata faneli kule? Mtu akiona faneli inavuja, anapita kwangu akielekea posta. Hakuna mtu anayefunga safari kwa ajili ya faneli, mwanangu."

"Najua."

"Unajua, na umeandika." Hakuwa anapaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza. "Mara ya kwanza walikuja wanaume wenye kofia, wakaniambia mke wangu na watoto wangu ni rangi isiyofaa hapa. Nikasema sawa, hawanijui, nitawalaumu nini. Leo amekuja binti yangu niliyemsomesha kwa nyundo hii, ananiambia rangi isiyofaa ni mimi."

"Baba, sikukuona wewe. Nilikuwa nawaza—"

"Niache nimalize mfereji wa watu."

Akauinua mfereji, akaupeleka nje kwenye ngazi, mbali na dari, akaanza kuunyoosha kwa mkono.

Mkuu wa idara alikuwa mtu mwema aliyechoka, mwenye pipi za mnanaa kwenye droo kwa ajili ya wageni wenye hasira. Asubuhi iliyofuata alimpa Bi Mistari mbili.

"Nataka kubadilisha kifungu," Bi Mistari akasema. "Tuondoe marufuku. Tuweke saa za utulivu, na kila jengo wakazi na mafundi wakubaliane zao mbele yetu. Vilabu na jenereta tuviandikie peke yake."

"Wazo zuri. Utaliingiza mwakani, kama marekebisho."

"Kura ni keshokutwa."

"Ndiyo maana nasema mwakani. Ukigusa nukta moja leo, mpango mzima unarudi kwenye maonyesho ya umma. Kanuni hiyo uliipigania mwenyewe, ulisema wananchi wasiletewe kitu ambacho hawakukiona. Maonyesho yakiisha, baraza hili limekwisha, tunaingia uchaguzi. Na unajua nani amekaa mlangoni anangoja."

Alimaanisha diwani waliyemwita Lami, kwa kuwa kitu kikisimama mbele yake bila kutikisika alikiwekea lami na kukifanya maegesho. Viwanja vitano vya maegesho katikati ya mji vilikuwa vyake au vya shemeji zake.

"Fundi mmoja," mkuu akasema kwa upole. "Kwa mji mzima. Ng'ombe mzima umemla, mama, leo mkia ukushinde?"

"Si mmoja. Mtaa ule una fundi baiskeli, mchonga mihuri, mshona viatu, seremala, na yule anayenoa visu. Nimekaa usiku nikiwapitia. Nimehubiri mji wenye uhai, halafu nimewatoa wanaoutia uhai, nimewabakiza wanaokuja kunywa kahawa na kuutazama."

"Na ukisimama barazani watakuuliza fundi bati ni nani kwako."

"Nitawaambia."

"Pitisha kwanza. Sheria hurekebishwa baadaye."

"Hata sisi tulipohamishwa tuliambiwa baadaye," Bi Mistari akasema. "Mama yangu aliingoja pale mlangoni."

Mkuu alifunga droo ya pipi. Hakumkataza. Hakumruhusu pia.

Siku ya kura, ukumbi wa baraza ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Mwalimu alikuja na mtoto, akakaa mbele na familia nyingine za majaribio. Mzee fundi bati hakuja. Bi Mistari alieleza mpango wote kama alivyoueleza mara mia, na aliona vichwa vikiitikia, na akahesabu moyoni, na hesabu ilitosha. Angeweza kushukuru na kukaa. Mwenyekiti alikuwa ameshika nyundo yake ndogo ya mbao.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "kabla hamjapiga kura, kuna kosa ndani yake, na ni langu."

Akaeleza. Alipofika kwa mafundi, Lami alikuwa amekwisha simama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nauliza swali dogo tu. Huyo fundi bati wa nyuma ya posta, anaitwa nani kwake huyu afisa?"

"Ni baba yangu."

Ukumbi ukalipuka. Lami akafungua mikono kama mwenye kupokea zawadi. "Kumbe! Tunaambiwa mpango wa mji, kumbe mpango wa baba! Kelele za kilabu ni kelele, kelele za baba ni muziki!"

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa upande wake. Bi Mistari alingoja.

"Ni kweli," akasema. "Ni baba yangu, na ndiyo sababu mimi nilikuwa wa mwisho kusikia. Nililelewa juu ya nyundo ile, sikujua kwamba ni kelele. Mama huyu hapa amenisikilizisha. Mtoto wake ana haki ya kulala. Na fundi ana haki ya kufanya kazi watu wanapopita. Ramani ya zamani ingewatenganisha wote wawili, mmoja huku, mwingine kule, na kuita hiyo amani. Mimi niliapa kuifuta ramani ile, halafu nikaiandika upya kwa maneno mazuri. Naomba nirekebishe."

"Arekebishe!" Lami akasema. "Mwenyewe anasema mpango una makosa. Sisi ni nani tumpinge? Natoa hoja mpango urudishwe."

Mwanasheria wa halmashauri akasoma kanuni. Mikono ikainuliwa. Waliokuwa wameitikia kwa vichwa walitazama viatu vyao, kisha nao wakainua, mmoja mmoja, kwa aibu ya watu wanaofuata utaratibu. Mpango ukarudishwa. Na kwa kuwa vibali vya majaribio viliegemea kura ile, mwanasheria akaongeza, vingekwisha mwisho wa mwezi.

Hilo Bi Mistari hakulifikiria. Katika usiku wote aliokaa akiwapitia mafundi, hakuwapitia wapangaji. Alimtafuta mwalimu kwa macho, akamwona amesimama, anamfunga mtoto mgongoni.

"Ulitubembeleza tukaja," mwalimu akamwambia mlangoni. "Sasa unatutoa. Mimi nilikuomba usingizi tu, dada. Nilisema huyo mzee afukuzwe? Nilisema?"

"Hukusema."

"Hukuniuliza pia."

Nyumbani, baba alikuwa amesikia habari kabla yake. Habari mbaya haikosi usafiri. Alikuwa amekaa mezani, chakula kimefunikwa.

"Nilikutuma?" akauliza.

"Hapana, baba."

"Miaka yote hiyo. Mama yako angekuchapa." Akafunua chakula, akamsogezea sahani, akakaa tena. "Nilikasirika uliponitoa, na leo nimekasirika uliponibakisha. Usijaribu kunielewa. Kula."

Ofisini mambo hayakuwa mazuri. Mkuu hakumlaumu, alimpangia kazi ya kukagua mabango ya biashara, na kwa macho yake alimwambia hakuwa na namna. Wenzake wa kitengo cha maegesho walipita wakimwimbia "mpango wa baba" mpaka wimbo ukachakaa. Mzee wa masjala peke yake ndiye aliyemletea chai.

Mwisho wa mwezi, Jumamosi, lori dogo likasimama nyuma ya posta. Bi Mistari alikwenda kusaidia, ingawa hakualikwa. Alimkuta baba yake tayari yuko kwenye ngazi, ameshika upande mmoja wa kitanda cha mtoto, na mume wa mwalimu, aliyerudi safari siku hiyo, ameshika upande wa pili.

"Polepole, kijana wangu, kona hiyo hula vidole," mzee alikuwa akisema.

Tangu siku ile ya mfereji hakuwa amepiga nyundo mchana. Alikuwa akija na kufanya kazi za mkono mpaka jua lipoe, na mifereji ya watu ilikuwa imechelewa, na wateja wawili walikuwa wamemkimbia. Hakumwambia mtu. Mwalimu ndiye aliyemwambia Bi Mistari, akiwa amebeba masufuria, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo la kuudhi.

"Mtoto amelala wiki tatu kama mtoto wa mfalme. Na sasa ndipo tunaondoka. Unaona mambo yako?"

"Naona."

"Ukipitisha sheria yako, uniambie. Lakini kwa majaribio, mimi sirudi. Mwambie na huyo Lami."

Lori likaondoka. Juu, madirisha yalibaki wazi, hakuna wa kuyafunga. Mzee alirudi kwenye benchi lake, akakaa, akaitazama nyundo.

"Sasa piga tu, baba," Bi Mistari akasema. "Hakuna mtu."

"Nimeona." Hakuishika. "Maonyesho yenu yanaanza lini?"

"Jumatatu. Mkuu amesema kama nina maneno mapya ya kifungu niyalete kesho, nje ya saa za kazi, na yeye hajui lolote."

"Unayo?"

"Nina nusu. Saa za utulivu. Nimeandika saa saba mpaka saa tisa mchana."

"Kwa nini saa saba?"

Bi Mistari akafikiri. "Kwa sababu sisi tulikuwa tunalala saa hizo."

"Ninyi!" Mzee akaguna. "Ninyi mna mvi sasa. Muulize mwenye mtoto."

"Amekasirika."

"Mimi pia nimekasirika na unaongea nami."

Alitoa simu. Iliita mpaka karibu ikatike.

"Nini tena, Bi Mistari?" Nyuma ya sauti ya mwalimu kulikuwa na mngurumo wa lori.

"Nataka kukuuliza kitu. Mtoto hulala saa ngapi mchana?"

"Ya nini sasa?"

"Naandika."

Mngurumo uliendelea. Alidhani amekatiwa. Kisha mwalimu akavuta pumzi, kama mtu anayeweka mzigo chini ili apate kuubeba vizuri.

"Huyu wangu analala saa tano, anaamka kabla ya adhuhuri. Halafu saa tisa tena, kidogo. Lakini usiandike huyu wangu tu. Kuna yule mama wa ghorofa ya jirani, mwenye mapacha. Wake hawalali asubuhi kabisa. Na yule baba mlinzi, analala mchana wote, masikini, hajawahi kulalamika. Una kalamu?"

"Ninayo."

"Basi andika vizuri," mwalimu akasema, na akaanza kumwambia.